Bei ya Jumatano Ile

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuandika bei ya fedha ya ng'ambo kwenye ubao. Duka letu la kubadilishia fedha lilikuwa hatua mia mbili kutoka daraja la mpakani. Mbele kulikuwa na chumba chenye dirisha la nondo, na nyuma chumba alichokaa Tajiri. Mwanzoni niliajiriwa kufagia. Karani aliyekuwa akiandika ubao alipoacha kazi, Tajiri akaniuliza kama najua kuandika. Nikamwambia nimemaliza darasa la saba, na daftari langu mwalimu alikuwa akilipitisha darasani wenzangu waige. Akanipa chaki.

"Andika tuone."

Nikaandika. Akaangalia, akaguna. "Kumbe mfagizi ana mkono wa hakimu." Tangu siku hiyo nikawa nafagia na kuandika, kwa mshahara uleule wa kufagia.

Ubao hautaki haraka. Unaufuta kwa kitambaa chenye unyevu, unaungoja ukauke kabisa, maana ukiandika juu ya unyevu tarakimu zinafifia kabla ya saa nne. Chaki nilikuwa nailoweka kwenye maji ya sukari tangu jana yake. Ikikauka inakuwa ngumu na inaandika nyeupe pe. Mstari wa kwanza: Tunanunua. Wa pili: Tunauza. Saba niliikata tumboni ili mtu asije akasema aliona moja. Nikimaliza naingia ndani, nafungua kaunta buku na kunakili tarehe, siku, kununua, kuuza, halafu sahihi yangu. Tajiri alitaka hivyo kwa sababu wateja walikuwa wakirudi na makelele, "Jana mlisema kumi na tatu na nusu!", naye anawafungulia ukurasa wanyamaze. Agizo lake lilikuwa moja tu: kilichoko ubaoni ndicho kinachoingia daftarini.

Tajiri alipofariki na duka likafungwa, nilipewa yale madaftari badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Watoto wangu walinicheka wiki nzima. "Mama kalipwa karatasi." Mimi nikayapanga kwenye sanduku la bati, chini ya mashuka.

Sasa niseme habari za mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye, na mama alipofariki yeye alikuwa bado hajaota meno ya mbele. Nilimbeba mgongoni hadi miguu yake ikawa inaburuza chini. Alipokua akaingia kiwanda cha saruji, kitengo cha kujaza mifuko, akakaa huko miaka ishirini na miwili. Kiwanda kilikuwa cha watu wa ng'ambo, na mshahara ulilipwa kwa noti za ng'ambo. Siku moja ya Jumatano, asubuhi, wakafukuzwa getini wote arobaini na mmoja. Kila mtu akapewa bahasha ya mshahara wa mwisho. Kiinua mgongo hawakupewa.

Mkataba wao ulisema kiinua mgongo kitahesabiwa kwa noti za ng'ambo lakini kilipwe kwa fedha yetu, kwa bei ya maduka ya kubadilishia fedha asubuhi ya siku mtu anapoacha kazi. Na ndiyo Jumatano hiyohiyo fedha yetu ilipoanguka. Jumanne noti moja ya ng'ambo ilikuwa kumi na nne zetu. Jumatano jioni redio ikatangaza thelathini na saba. Benki zilifungwa siku tatu, hazikutoa bei yoyote. Je, Jumatano asubuhi ilikuwa bei gani? Kiwanda kikasema kumi na nne. Wafanyakazi wakasema thelathini na saba. Wakaburuzana miaka kumi na moja.

Kiinua mgongo cha mdogo wangu kilikuwa noti elfu tatu na mia moja. Kwa thelathini na saba angepata laki moja, kumi na nne elfu na mia saba. Kwa kumi na nne angepata arobaini na tatu elfu na mia nne. Hesabu hizo nilizijua kama jina langu, kwa sababu kufikia mwaka wa kumi na moja kifua chake kilikuwa kimekwisha. Vumbi la saruji lilikuwa limegandia mapafuni. Alikuwa akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni kwa vituo viwili, kama basi. Daktari alimwambia mkewe, wifi yangu, kwamba bila mashine ya oksijeni nyumbani hataumaliza mwaka. Mashine ilikuwa tisini elfu. Kwa bei moja anainunua na chenji inabaki. Kwa bei nyingine hafikii hata nusu yake.

Walikuja kwangu siku ya Ijumaa, mdogo wangu na mwenzake tuliyemwita Katibu, kwa kuwa ndiye aliyebeba faili la kesi miaka yote. Nilimkalisha mdogo wangu karibu na dirisha. Alichukua muda kabla ya kuweza kusalimia.

"Dada, shikamoo. Ngoja kwanza... pumzi inanidai."

"Marahaba. Usiongee. Mwache Katibu aongee."

Katibu akafungua faili. Alikuwa mrefu, mkavu, na kila sentensi aliianza kwa kupangusa miwani. "Mama, msuluhishi ametoa neno. Anasema atamaliza kesi kwa maandishi ya duka lolote lililokuwa na leseni siku ile. Maduka mengine yote yamekufa, karatasi zao zimefungiwa vitumbua huko." Akajikohoza. "Sisi tuna risiti za duka lenu. Wengi wetu tulibadilisha mishahara yetu kwenu saa tatu asubuhi, na zote zinasema kumi na nne. Wakili wa kiwanda anazichezea kama karata. Tunataka kujua kama daftari lina neno jingine. Labda ubao ulibadilishwa asubuhi hiyohiyo, baada yetu."

Nikatoa daftari. Sikuhitaji kutafuta, mkono wenyewe ulijua. Jumatano. Kununua kumi na nne. Kuuza kumi na nne na nusu. Sahihi yangu. Chini yake mstari mmoja mtupu, kama chini ya kila siku, halafu Alhamisi, thelathini na saba.

Mdogo wangu aliinama akasoma, akarudi nyuma taratibu. "Basi," akasema. "Bahati yangu tu. Hata zile za bahasha, ningechelewa njiani kidogo..."

Nilinyanyuka nikaenda kuchemsha chai. Katibu akanifuata jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama, pale pana mstari mtupu."

"Nimeuona."

"Mwandiko ni wako. Kalamu ya bluu ni bluu. Ukiandika pale 'saa nne, thelathini na saba', nani atakataa? Si uongo. Nchi nzima inajua ilikuwa thelathini na saba."

"Daftari hilo halijawahi kuguswa, Katibu. Nilikosea mara mbili kwa miaka kumi na tisa, na mara zote mbili nilikata kwa mstari mmoja nikatia sahihi."

"Mama, huyu mtu anazimika."

"Nitakwenda mwenyewe. Nitasema kwa mdomo."

"Utasema nini?"

"Ninayoyajua."

Aliniangalia juu ya miwani, akataka kuuliza, akaacha. Alidhani ni ukaidi wa kikongwe. Hakujua nilichokuwa nimekibeba.

Jumatano ile nilifika dukani saa kumi na mbili na nusu, nikamkuta Tajiri amenitangulia. Alikuwa hajawahi kufika kabla ya saa tatu tangu nimjue. Alikuwa na simu sikioni na shati halijafungwa vifungo. Nikachukua kitambaa changu.

"Usiguse ubao," akasema.

"Niufute tu, Tajiri. Vumbi limeingia."

"Nimesema usiguse! Bei ni ya jana."

Saa moja walikuja watu wawili kwa mlango wa nyuma, na mikoba. Nilikuwa nafagia kwenye kijikorido, nikamsikia Tajiri akiwaambia, "Thelathini na saba. Hutaki, acha, wenzako wako njiani." Wakachukua. Baada ya hao wakaja wengine. Hapo nikaelewa: mbele anazinunua noti kwa kumi na nne kwa watu wasiojua, na nyuma anaziuza kwa thelathini na saba. Nikaenda kwenye daftari nikaandika kilichoko ubaoni, kama kawaida. Nilijiambia mimi ni wa chaki, ya nyuma hayanihusu.

Saa tatu wakatokea wale wa saruji, weupe kope na nywele, kila mmoja na bahasha. Mdogo wangu alikuwa katikati. Hakupanga foleni kwanza, alikuja moja kwa moja kwangu.

"Dada, wametufukuza. Wote." Alitabasamu kama mtu aliyepigwa kofi asijue na nani. "Nina noti mia mbili hapa. Unaonaje, nibadilishe leo au nizikalie?"

Tajiri alikuwa nyuma ya kioo, ananitazama. Nyumbani nilikuwa na watoto watatu wa shule na mume aliyekuwa ameshaondoka.

"Badilisha tu," nikasema.

Akabadilisha. Elfu mbili na mia nane. Jioni, redio iliposema, alikuja nyumbani akakaa kizingitini akicheka peke yake. "Masaa tu, dada! Masaa machache!" Nami nikamwambia pole. Miaka kumi na moja nimekuwa nikimwambia pole.

Usuluhishi ulifanyika ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na feni moja iliyozunguka kwa kusitasita. Mdogo wangu alipandishwa ngazi na Katibu na wifi yangu, ngazi ishirini na sita, wakipumzika kila baada ya nne. Wenzake waliobaki hai walikuwa kumi na tisa. Waliketi ukutani, na kikohozi kilikuwa kikianzia upande mmoja wa chumba na kuishia mwingine.

Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Alilipekua daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kwa muda mrefu. Wakili wa kiwanda akasimama.

"Mama, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Ni mzuri kweli. Hebu tusomee Jumatano."

Nikasoma. Nikafunga daftari. "Lakini haikuwa bei ya kweli," nikasema.

Nikaeleza yote, kuanzia shati lisilofungwa vifungo hadi mikoba ya mlango wa nyuma. Sikumtazama mdogo wangu. Nilimtazama msuluhishi, naye alikuwa akiandika, na nilipoona anaandika nikapata moyo. Nilidhani mtu mwenye daftari safi namna ile akisema neno, neno lake nalo litaonekana safi. Hilo ndilo nililokwenda nalo pale. Sikuwa na kingine.

Wakili alinisubiri nimalize. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Bwana yule wa duka yuko wapi?"

"Ameshafariki."

"Na hao wenye mikoba, unawajua majina?"

"Hapana."

"Kuna karatasi yoyote yenye hiyo thelathini na saba ya asubuhi?"

"Hakuna. Ya nyuma hayakuandikwa."

"Sawa. Yule mzee aliyeketi pale, anayehema, ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Ulimwona asubuhi ile?"

"Nilimwona."

"Alikuuliza kitu?"

Nikajikaza. "Aliniuliza abadilishe au asubiri."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia abadilishe."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Akawageukia watu wote kama anayeomba radhi. "Basi tuna mama ambaye siku ile alimdanganya ndugu yake ili alinde kazi. Leo kazi haipo, ndugu yupo. Anamdanganya nani leo, mama?"

Mmoja wa wale wa ukutani akasema kwa nguvu, "Mwacheni bibi wa watu!" Msuluhishi akagonga meza kwa kalamu. Swali lilikuwa limenyooka kuliko mimi.

Uamuzi ulisomwa baada ya chakula cha mchana. Msuluhishi alisema amenisikiliza na haamini kwamba mimi ni mwongo. Alisema hata hivyo daftari halina palipofutwa wala palipoongezwa kwa siri, siku elfu kadhaa, na kwa sababu halina doa analichukua kama lilivyo. Kumi na nne.

Katibu alipita mbele yangu, faili kwapani. "Ungeandika tu, mama," akasema, wala si kwa hasira. "Mstari mmoja."

Mdogo wangu alishuka ngazi nne, akakaa. Wifi yangu alikwenda kutafuta bodaboda ya kuwabeba. Tukabaki wawili pale ngazini, watu wakitupita na kutukwepa.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja."

"Mimi nilikuja saa tatu."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi, akaitoa. "Ningekuwa mimi nyuma ya ule ubao," akasema, "ningekukonyeza hata kwa jicho moja."

Fedha zilitoka baada ya mwezi. Arobaini na tatu elfu na mia nne, kamili. Mashine haikununulika, wakaikodi kwa mwenye duka la vifaa vya hospitali, elfu moja mia tano na hamsini kwa wiki. Nilipiga hesabu siku ileile nikiwa nimesimama kwenye kaunta yake: wiki ishirini na nane. Kwa bei ile nyingine zingekuwa wiki sabini na nne. Sikumwambia mtu, lakini mdogo wangu naye alikuwa hodari wa hesabu, na nilipoingia chumbani akaniuliza, "Ishirini na nane, siyo?"

Mashine ilikuwa kama friji ndogo yenye magurudumu, inanguruma mchana kutwa, na mpira mrefu uliokwenda hadi puani kwake. Rangi ilimrudia midomoni. Aliweza kukaa, aliweza kugombana. Nilikwenda kila siku baada ya kufua, na hakunifukuza. Lakini aliniita Mama Kumi na Nne, mbele ya wageni, akitabasamu.

"Karibuni, karibuni. Huyu ni Mama Kumi na Nne. Ukitaka kujua bei ya kitu usimuulize."

Wageni walicheka bila kujua. Jina likatoka nje, likafika bombani, wanawake wakaniita hivyo kwa mapenzi kabisa. Niliitika. Wifi yangu ndiye hakucheka. Siku moja tukichambua mchele alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi ningeweza kukusamehe ya ubao. Ulikuwa na watoto. Lakini ule mstari? Pale hukuwa na tajiri wa kukukodolea macho." Kisha akaendelea kuokota mawe.

Nimelifikiria hilo neno mara nyingi.

Wiki ya ishirini na tano niliuza cherehani. Wiki ya ishirini na saba nikauza sanduku la bati na mashuka yake. Wifi akauza kabati. Tukapata wiki tatu za nyongeza. Katibu alichangisha kwa wenzake wa kiwandani wenye vifua vibovu, wakaleta mia mbili na sabini ndani ya kopo la maziwa, na mmoja wa wachangaji alizikwa kabla ya Katibu kufika na kopo.

Wiki ya thelathini na mbili hatukuwa na kitu. Mwenye mashine alikuja Jumamosi, saa kumi alasiri, na mkokoteni. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia mlangoni.

"Nina mgonjwa mwingine anaisubiri," akasema. "Ameshalipa."

"Wiki moja, baba," nikamwambia. "Nitafua, nitauza hata godoro langu."

"Mama, wiki iliyopita pia ulisema godoro."

Mdogo wangu akainua mkono kututuliza. Akautoa mpira puani mwenyewe, akaukunja mara tatu vizuri, akamkabidhi. "Chunga magurudumu," akamwambia. "Hilo la kulia linakwama."

Ngurumo ilipozimwa, nyumba ilikuwa kimya hadi nikasikia mkokoteni ukienda na mtaa wote. Wifi akashika fagio, akafagia pale mashine ilipokuwa imesimama, akapafagia tena. Mimi nikakaa kitandani kando ya mdogo wangu, nikamshika mkono. Aliuacha kwangu. Kifua chake kilianza kufanya kazi, kwanza mabega, kisha shingo, kama mtu anayepandisha gunia.

"Umeziba dirisha," akasema.

Nikasogea.

Pumzi zake zilimfikisha Jumanne, saa nne asubuhi, zikakoma.